Watu Waliogeuka Mawe: Uhakiki wa Usomaji wa Nguzo za Kalokol na Lothagam, Magharibi mwa Ziwa Turkana

Ikisiri

Magharibi mwa Ziwa Turkana, kaskazini mwa Kenya, zimesimama nguzo za mawe zilizowekwa na wafugaji wa mwanzo wa Afrika Mashariki takriban miaka 5,000 iliyopita. Katika baadhi ya maeneo hayo pana pia miduara ya mawe, marundo ya mawe na makaburi ya pamoja. Makala haya yanahakiki namna tatu ambazo nguzo hizo zimesomwa: masimulizi ya Waturkana kuhusu wachezaji ngoma waliogeuzwa mawe, nadharia ya mwaka 1978 iliyoziona kuwa kalenda ya nyota, na matokeo ya uchimbaji wa Lothagam Kaskazini yaliyochapishwa mwaka 2018. Hoja kuu ni kwamba masimulizi, ambayo kwa kawaida huwekwa nje ya mjadala wa kitaalamu, yaliona jambo ambalo nadharia ya nyota ililipita: kwamba mawe haya yanahusu watu kabla ya kuhusu kitu kingine chochote. Makala yanaonyesha pia kwamba msamiati wetu wa Kiswahili kuhusu mambo ya kale, pamoja na mazoea yetu ya kuyasoma magofu kwa jicho la Al-Inkishafi, hautoshi kueleza kaburi la watu wengi lisilo na bwana. Mwisho yanatoa mapendekezo matatu kuhusu istilahi, ufundishaji na uandishi.

1.0 Utangulizi

Barabara ya kutoka Lodwar kwenda Kalokol inapita katika nchi tambarare ya mawe meusi, michongoma na laga, yaani makorongo ya mito ya msimu ambayo kwa sehemu kubwa ya mwaka huwa ni mchanga mtupu. Kando ya barabara hiyo, kabla ya kufika ziwani, zimesimama nguzo za basalti. Anayepita kwa haraka anaweza kudhani ni mabaki ya ujenzi ulioachwa njiani. Si ndefu, nyingi hazifiki kifua cha mtu mzima. Hazikuchongwa sura wala maandishi, kwa sababu basalti hupasuka yenyewe katika umbo la nguzo zenye pande kadhaa pale lava inapopoa. Kazi ya binadamu hapa ilikuwa kuzichagua, kuzibeba na kuzisimamisha. Nyingine zimesimama wima, nyingine zimeinama, na hazikuinama upande mmoja. Juu ya baadhi yake tulikuta vijiwe vidogo vilivyowekwa kwa mkono.

Nilifika hapo pamoja na wanafunzi wachache wa fasihi simulizi tuliotoka upande wa Uganda. Aliyetupokea alikuwa mzee wa eneo hilo. Alitusimulia kisa cha mawe hayo kwanza kwa Kiturkana, kisha kwa Kiswahili. Mwanafunzi mmoja wetu, Mkaramojong, hakuihitaji tafsiri hiyo, kwa kuwa lugha yake na ya Waturkana ni ndugu wa karibu. Ni yeye aliyetueleza kwamba katika jina Namoratunga, ambalo kwa kawaida hufasiriwa kuwa "watu wa mawe", alisikia neno moru, ambalo ni mwamba au mlima, na neno ngitunga, ambalo ni watu. Mwanafunzi mwingine akauliza swali ambalo kila msikilizaji wa kisa hicho hulazimika kuuliza: "Mzee, hao watu walicheka nini?" Mzee akajibu: "Ukijua walichocheka, na wewe utacheka."

Makala haya yalianzia katika jibu hilo. Yanaichukulia Kalokol, pamoja na Lothagam iliyo kusini yake, kuwa matini iliyosomwa na wasomaji wa zama tofauti, na yanauliza maswali ambayo mhakiki huuliza kuhusu usomaji wowote: unaona nini, unapita nini bila kukiona, na unamweka nani katikati ya maana? Si kazi ya makala haya kuamua mambo ya akiolojia, ambayo yana wenyewe. Kazi yake ni kupima hadithi tunazozisimulia kuhusu mawe haya, zikiwamo zile zinazosimuliwa kwa lugha ya vipimo.

2.0 Usomaji wa Kwanza: Kicheko na Jiwe

Kisa chenyewe ni kifupi. Watu walikuwa wakicheza ngoma. Akatokea kiumbe wa kiroho, mwenye nia mbaya au mwenye sura ya ajabu, kutegemea msimulizi. Wachezaji wakamcheka. Akawageuza mawe pale pale walipokuwa wamesimama. Ndiyo maana, kwa Kiingereza cha watalii na hata kwa Kiswahili cha madereva wa Lodwar, mahali hapa hujulikana kwa jina la mawe yanayocheza.

Kwa uainishaji tuliouzoea, kisa hiki kingewekwa katika kundi la visaviini, yaani ngano zinazoeleza chanzo cha kitu fulani katika mazingira. Uainishaji huo si makosa, ila unatufanya tukimalize kisa mapema mno. Tukishasema kwamba kinaeleza chanzo cha mawe, tunadhani tumekieleza. Tukikitazama kwa makini zaidi, tunaona mambo matatu.

La kwanza ni kwamba kisa kinaanzia katika umbo la mawe jinsi linavyoonekana. Nguzo zilizoinama pande mbalimbali zinafanana kweli na watu waliokatizwa katikati ya mwendo. Msimulizi wa kwanza, yeyote aliyekuwa, alitazama kabla ya kusema. La pili ni kwamba kisa kinaficha kiini chake. Hatuambiwi walichocheka. Jibu la mzee linaonyesha kwamba kuficha huko si upungufu wa msimulizi. Ni sehemu ya mbinu. Msikilizaji akiambiwa kilichochekesha, atacheka, na akicheka atakuwa ameingia katika duara la waliokosea. Kisa kinamlinda msikilizaji wake kwa kumnyima habari, na hapo hapo kinampa hofu kidogo anaposimama mbele ya mawe. La tatu, na ndilo kubwa kwa hoja yetu, ni kwamba hakuna mtu mmoja anayetajwa kwa jina. Hakuna mfalme, hakuna shujaa, hakuna binti wa mfalme. Waliogeuka mawe ni kundi zima lililokuwa likicheza pamoja.

Ulinganisho mmoja unaweza kutusaidia. Huko Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, kuna mduara wa mawe ya kale uitwao Merry Maidens. Una mawe 19, na wenyeji husimulia kwamba ni wasichana 19 waliogeuzwa mawe kwa kucheza ngoma siku ya Jumapili. Kwa sadfa, nguzo zilizohesabiwa Kalokol katika utafiti wa mwaka 1978 zilikuwa 19 pia. Hakuna uhusiano wa kihistoria kati ya mahali hapa pawili, na anayeutafuta atapoteza muda wake. Kinachofaa kulinganishwa ni kosa. Cornwall, kosa ni kuvunja amri ya siku takatifu, na msimulizi anajulikana mara moja kuwa amekulia katika jamii ya Kikristo iliyofika maelfu ya miaka baada ya mawe kusimamishwa. Turkana, kosa ni kumcheka mgeni wa ajabu. Katika nchi kavu ambamo leo wewe ni mwenyeji na kesho ni mgeni unayeomba maji kisimani kwa watu wengine, kumdharau anayekuja bila kumjua si kosa dogo. Kila jamii imeyapa mawe sheria yake yenyewe.

Hapa ndipo mhakiki anapopaswa kuwa mwangalifu. Waturkana walishuka kutoka upande wa Karamoja na kuenea katika bonde hili katika karne chache zilizopita. Nguzo walizikuta. Kwa hiyo kisa hiki si kumbukumbu ya wajenzi iliyorithishwa kwa miaka 5,000, na hatukitendei haki tukikitangaza kuwa hivyo kwa ajili ya kukikweza. Ni usomaji wa waliokuja baadaye, waliokuta kitu kikubwa kisichokuwa na maelezo na wakakipa maelezo. Lakini usomaji wa waliokuja baadaye ni usomaji bado, na unastahili kupimwa kwa kile ulichokiona.

3.0 Usomaji wa Pili: Nyota

Mwaka 1978 watafiti B. M. Lynch na L. H. Robbins walichapisha katika jarida la Science makala mafupi yaliyoipa Kalokol umaarufu wa kimataifa. Kwa maoni yao, nguzo hizo 19, ambazo wao waliziita Namoratunga ya pili, zilipangwa kuelekea mahali zilipokuwa zikichomoza nyota na makundi ya nyota saba yanayotumika katika kalenda ya Waborana, jamii ya Wakushi wa kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya. Kalenda hiyo, iliyokuwa imeelezwa kwa kina na Asmarom Legesse katika kitabu chake cha mwaka 1973 kuhusu mfumo wa Gada, ina miezi 12 na siku 354, na huhesabiwa kwa mwezi na nyota bila kutegemea jua. Watafiti hao waliiweka Kalokol karibu na mwaka 300 kabla ya Kristo.

Ni rahisi kuona kwa nini usomaji huu ulipendwa. Ulitolewa wakati ambapo bado kulikuwa na waandishi waliotilia shaka uwezo wa Mwafrika kuchunguza mbingu bila kufundishwa na wageni. Sisi wasomaji wa Kiswahili tungeweza kuupokea kwa moyo mweupe zaidi, kwa sababu mojawapo ya makundi hayo ya nyota ni kilimia, na wahenga wetu walikwisha kutuachia methali kwamba kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Kulikuwa na raha ya kuona methali ya mkulima wa pwani na jiwe la mfugaji wa Turkana vikitazama sehemu moja ya mbingu.

Hata hivyo, raha ya msomaji si ushahidi. Usomaji huu una udhaifu wa aina tatu. Wa kwanza ni wa vipimo. Mwaka 1982 Robert Soper, katika jarida la Azania, alirudi katika swali hilo na kuonyesha kwamba vipimo vya mwanzo havikuwa imara, hasa kwa kuwa basalti yenyewe ina usumaku unaoweza kuipotosha dira. Wa pili ni wa hesabu. Nguzo 19 zikiunganishwa mbili mbili hutoa mistari 171, na kila mstari unaweza kutazamwa kutoka ncha zote mbili. Mwenye mistari mingi kiasi hicho hatakosa ile inayoelekea kwenye nyota saba. Jambo hili si geni kwa wahakiki wa fasihi. Sote tumesoma tasnifu ambazo mwandishi wake alikuja na nadharia mkononi, akatafuta katika riwaya nzima sentensi saba zinazoikubali, akazipata, kisha akatangaza kwamba riwaya yote inahusu nadharia hiyo.

Udhaifu wa tatu ni wa tarehe. Mwaka 300 kabla ya Kristo haukutoka Kalokol. Ulitoka katika makaburi mengine, yaliyo mbali kusini, karibu na Lokori katika bonde la mto Kerio, ambayo watafiti hao waliyaita Namoratunga ya kwanza. Kwa kuwa huko pia kulikuwa na mawe yaliyosimamishwa, tarehe ya mahali pamoja ikaazimwa na kupewa mahali pengine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 na Elisabeth Hildebrand, John Shea na Katherine Grillo kuhusu maeneo manne ya nguzo, Kalokol ikiwamo, ulionyesha kwamba nguzo hizo ni za zamani zaidi kwa maelfu ya miaka. Kalenda inayojulikana kwetu kutoka kwa jamii ya sasa haiwezi kurudishwa nyuma umbali huo bila daraja lolote katikati.

Nadharia hii haistahili kubezwa. Ilizitoa nguzo katika kusahaulika, na iliwalazimisha wengine kwenda kuzipima upya. Lakini kwa mhakiki ina funzo. Ilipotafuta heshima ya mawe haya, iliitafuta juu, mbinguni, kana kwamba bila elimu ya nyota yangebaki mawe tu. Watu waliotoweka katika usomaji huo ni wale waliobeba mawe hayo.

4.0 Usomaji wa Tatu: Kaburi la Watu Wengi

Kusini ya Kalokol, karibu na ziwa, ipo miinuko ya miamba iitwayo Lothagam. Huko ndiko liliko eneo ambalo wanaakiolojia huliita Lothagam Kaskazini, jengo la kale zaidi na kubwa zaidi la aina yake linalojulikana Afrika Mashariki. Matokeo ya uchimbaji wake yalichapishwa mwaka 2018 na Hildebrand na wenzake, wakiwamo watafiti wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Ujenzi wake unaweza kuelezwa hatua kwa hatua. Wajenzi walitengeneza jukwaa la upana wa mita 30 hivi, lililozungushiwa mawe makubwa. Katikati yake walichimba shimo la ukubwa wa mita za mraba 119.5. Humo wakawazika wafu wao, si kwa siku moja wala kwa sababu ya balaa moja, bali kwa vizazi vingi, kati ya takriban miaka 5,000 na 4,300 iliyopita. Shimo lilipojaa, wakalifunika kwa mawe, na juu yake wakasimamisha nguzo, nyingine zikiwa zimeletwa kutoka umbali wa hadi kilomita moja. Kando ya jukwaa wakaongeza miduara ya mawe na marundo ya mawe. Sehemu iliyochimbwa ni ndogo, lakini kwa kuitumia pamoja na vipimo vya rada inayopenya ardhini, watafiti walikadiria kwamba waliozikwa humo si chini ya watu 580.

Idadi hiyo inashangaza, lakini mpangilio wa wafu unashangaza zaidi. Wamezikwa wanaume na wanawake, wazee, vijana na watoto wachanga. Wengi wao walizikwa na mapambo: shanga za mawe ya rangi, pete za pembe ya kiboko, na katika kaburi moja pambo la kichwa lililotengenezwa kwa zaidi ya meno 400 ya panya wadogo wa nyikani. Mapambo hayo hayakurundikwa kwa wachache. Hakuna kaburi la kati lililowasukuma wengine pembeni. Watafiti wanasema wazi kwamba hawakuona dalili ya matabaka.

Jambo hili linatikisa simulizi tuliyoizoea kuhusu majengo makubwa. Tumefundishwa, tangu vitabu vya shule ya msingi, kwamba jengo kubwa huthibitisha mtawala mkubwa: piramidi kwa Farao, ukuta kwa mfalme, jumba kwa sultani. Waliojenga Lothagam walikuwa wafugaji wa ng'ombe, mbuzi na kondoo, wakati ambapo mvua zilikuwa zimepungua, ziwa likirudi nyuma na kuacha nchi ambayo haikuwa na uhakika. Watafiti wanapendekeza kwamba ni ugumu huo hasa uliowafanya wahitaji mahali pa kukutana, pa kukumbushana kwamba ni watu wamoja, na pa kuwaweka wafu wao. Watu waliokuwa wakihamahama walijenga kitu kimoja kisichohama.

Mhakiki anaweza kuuliza, na ana haki: je, usawa wa kaburini ni ushahidi wa usawa wa maisha? Zipo jamii zinazowazika matajiri na maskini kwa sanda ya aina moja, na siku ya pili mali ya tajiri inagombewa na warithi wake. Swali hili ni zito, wala usomaji wa tatu haulimalizi. Lakini hata tukikubali kwamba huenda kulikuwa na wakubwa na wadogo miongoni mwao walipokuwa hai, bado wajenzi walichagua, kwa mamia ya miaka, kutokuonyesha tofauti hiyo katika jengo lao kubwa kuliko yote. Uchaguzi huo wenyewe ni kauli. Na mtu asome kauli jinsi ilivyotolewa kabla ya kuipinga.

Sasa turudi kwenye kisa cha mzee. Lothagam si Kalokol, na sidai kwamba kisa kilitabiri uchimbaji. Lakini tukiweka usomaji wa tatu kando ya ule wa kwanza, tunaona kwamba vinakubaliana katika jambo ambalo usomaji wa nyota haukuligusa. Vyote viwili vinasema kwamba mawe haya ni watu. Vyote viwili vinasema kwamba watu hao ni wengi, wako pamoja, na hakuna mmoja aliyetajwa kwa jina juu ya wenzake. Msimulizi hakuwa na rada wala jembe. Alikuwa na macho, pamoja na desturi ya kutokupita mbele ya mawe yaliyosimamishwa bila kujiuliza ni akina nani.

5.0 Jicho la Al-Inkishafi na Upungufu wa Msamiati Wetu

Kwa nini basi sisi tunaoandika kwa Kiswahili hatujausoma mfano huu kwa nguvu zaidi? Sababu mojawapo imo katika hazina yetu wenyewe. Utendi wa Al-Inkishafi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, uliotungwa takriban mwanzoni mwa karne ya 19, umetupa namna ya kuyatazama mabaki ya kale ambayo hadi leo inaongoza mashairi, riwaya na hata vitabu vya safari. Mshairi anayatazama magofu ya Pate, anazikumbuka fahari za waliokaa humo, na anauonya moyo wake kuhusu udanganyifu wa dunia. Ni usomaji mkuu, nao unafaa sana kwa Pate. Lakini unahitaji tajiri aliyeanguka. Bila jumba lililong'aa kwanza na kuporomoka baadaye, wosia wake haupati pa kusimama.

Hata nguzo za makaburi ya pwani zinatuelekeza huko huko. Makaburi ya nguzo ya Gede, Mambrui, Malindi na Kaole ni alama za watu mashuhuri. Gede lipo kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Nguzo ya pwani humwinua marehemu wake aonekane kutoka mbali. Anayetoka Gede na kufika Lothagam akiwa na mazoea hayo atatafuta chini ya kila nguzo mtu wake mkubwa, na hatampata. Nguzo za Lothagam hazikugawiwa mtu mmoja mmoja. Zimesimama juu ya wote.

Msamiati wetu nao unachangia. Tunasema magofu, lakini gofu ni nyumba iliyobomoka, na hapa hapakuwa na nyumba. Tunasema mahame, lakini mahame ni mahali palipohamwa, ilhali hapa ndipo mahali ambapo wahamaji walikuwa wakirudi. Lenye madhara zaidi ni lile la vitabu vya kiada: kabla ya historia. Neno hili limetafsiriwa moja kwa moja kutoka lugha za Ulaya, na linabeba dai kwamba historia huanza na maandishi. Kwa Mzungu mwenye Stonehenge dai hilo halina hasara kubwa, kwa sababu baada ya Stonehenge kuna maandishi ya karne nyingi katika nchi ile ile ya kumfariji. Kwa Turkana, ambako maandishi yaliingia juzi, neno hilo linawafukuza katika historia watu wa miaka 5,000 kwa mkupuo mmoja: walioweka nguzo, waliozikuta, na hata babu wa mzee aliyetusimulia kisa.

Wapo watakaosema kwamba istilahi ni istilahi tu na kila mtaalamu anajua maana yake. Jibu ni kwamba mwanafunzi wa darasa la sita si mtaalamu. Akisoma kwamba mababu wa nchi yake waliishi kabla ya historia, ataelewa kile maneno yanachosema.

Lakini lugha hiyo hiyo ina neno ambalo huenda linatufaa kuliko yote, nalo tumeliacha litumike kwa waheshimiwa wanaotembelea miradi. Neno hilo ni ziara. Katika matumizi ya pwani, kuzuru ni kwenda mahali kwa heshima, hasa kaburini. Na ziara ni safari hiyo na pia mahali penyewe panapozuriwa. Anayezuru hufika kwa sababu aliyelala pale ana haki juu yake, hata kama hawakujuana. Vile vijiwe tulivyovikuta juu ya nguzo za Kalokol havikuwekwa na mtu anayepima nyota, wala na mtu anayeombolezea jumba. Vimewekwa na wapita njia waliosimama, wakainama, wakaokota, wakaacha kitu, wakaendelea na safari. Kwa Kiswahili, hao walikuwa wakizuru.

6.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala haya yamehakiki namna tatu za kuzisoma nguzo za magharibi mwa Ziwa Turkana. Masimulizi ya Waturkana yaliona watu ndani ya mawe, yakawapa kosa na adhabu. Nadharia ya nyota iliona elimu, ikawasahau watu. Uchimbaji wa Lothagam umewarudisha watu, na safari hii bila kosa, bila adhabu na bila bwana. Haifai kuuchukua usomaji wa tatu kuwa kufuli la mwisho. Bado sehemu kubwa ya Lothagam haijachimbwa, na huenda ni vyema ikabaki hivyo. Lakini kwa sasa ndio usomaji unaowaacha wengi wabaki kuwa wengi.

Kutokana na mjadala huu, makala yanapendekeza mambo matatu. Kwanza, waandishi wa vitabu vya kiada waache kutumia maneno "kabla ya historia" na watumie "kabla ya maandishi", ambayo yanasema jambo la kweli bila kumnyima mtu historia yake. Pili, walimu wa fasihi simulizi wakifundishe kisa cha Namoratunga kama usomaji wa waliozikuta nguzo, si kama ushahidi wa waliozisimamisha wala kama ngano ya kuburudisha watalii, na wakifundishe pamoja na matokeo ya uchimbaji ili kimoja kisitumiwe kukizima kingine. Tatu, matokeo ya uchimbaji huo yaandikwe kwa Kiswahili na kwa Kiturkana. Kwa sasa mzee aliyetupokea anaishi karibu na nguzo hizi, na kilichopatikana chini ya nguzo za Lothagam kimeandikwa katika majarida ambayo hayamfikii.

Kabla ya kuondoka Kalokol, yule mwanafunzi aliyeuliza swali la kicheko aliokota kijiwe, akakishika kwa muda, kisha akamtazama mzee kuona kama inaruhusiwa. Mzee akaitikia kwa kichwa. Mwanafunzi akakiweka juu ya nguzo iliyoinama zaidi, akahakikisha hakianguki, akarudi garini. Hakuna aliyecheka.